Kijiko cha Mama Pascasie

Kila nikiloweka makayabu, ninamuona mama mukwe wangu ameinama juu ya beseni. Makayabu ni samaki wa kupasuliwa, kutiwa chumvi na kuanikwa, na kule Zongwe, kando ya ziwa, alikozaliwa, hakuna aliyeikausha kama Mama Pascasie. Alikuwa mufupi, mwenye sauti kubwa na vidole vyeupe-vyeupe kwa kuliwa na chumvi. Alipasua sangala mugongoni, akaifungua kama kitabu cha misa, akachota chumvi kwa mukono na kusugua. Hakupima hata siku moja. Kisha alipanga samaki ndani ya pipa, akaweka jiwe juu, akafanya alama ya musalaba. Asubuhi pipa lilikuwa na maji, na yeye hakuwa ametia hata tone.

"Unaona, Florentine?" aliniambia nilipoolewa na mutoto wake Félicien. "Chumvi inaita maji. Yote yanatoka, samaki anabaki mukavu."

Hata alipokuja kukaa kwetu Kalemie, aliendelea na kazi ile nyuma ya nyumba. Majirani walilalamika juu ya nzi, halafu wakaja kuomba kipande. Zilikuwa siku nzuri, Mungu anajua.

Kisha kipindupindu kikaingia mutaani kwetu. Joëlle, binti yetu, alikuwa na miaka minne. Alianza kuhara asubuhi, maji matupu kama ya kuoshea muchele. Saa sita macho yalikuwa yamezama, na nikivuta ngozi ya tumbo lake, ilibaki imesimama. Félicien alikuwa kazini Kabimba. Nikakimbia kumuita Papa Wilfried, muganga wa kituo cha afya, jirani yetu.

Alimuangalia mara moja tu. "Nimetuma muntu alete pikipiki, tumupeleke kituoni. Lakini tusingoje. Lita moja ya maji yaliyochemuka na kupoa, sukari vijiko vidogo sita, chumvi nusu ya kijiko kilekile. Mumunyweshe kidogo kidogo."

Nilipoleta maji, sukari, chumvi na kikombe, Mama Pascasie akafunika kikombe kwa kiganja.

"Chumvi? Mutoto anaishiwa na maji, wewe unamuletea chumvi?"

"Mama, usikilize..."

"Papa Wilfried, umesoma, ninakubali. Lakini umekausha samaki wangapi, wewe? Mimi nimekausha ziwa zima! Mujukuu wangu hataanikwa."

Kwetu, kuondoa mukono wa mama mukwe si jambo la kufanya, na Joëlle hakuwa tena na nguvu ya kulia.

Papa Wilfried hakukasirika. Akachuchumaa mbele yake.

"Uko na haki, Mama. Ukimutilia ule mukono wako wa Zongwe, utamukausha kweli. Lakini niambie: makayabu ukitaka kuipika, unafanya nini?"

"Ninailoweka. Hata mutoto anajua."

"Inakuwa namna gani?"

"Inavimba."

"Nani anaita maji yaingie?"

Mama akatazama vidole vyake vilivyoliwa na chumvi.

"Chumvi iliyo ndani njo inayaita," akasema Papa Wilfried. "Mwili wetu ni selule, Mama, vinyumba vidogo ambavyo macho hayawezi kuviona, kila kimoja na ngozi yake nyembamba. Chumvi ikizidi nje, maji yanatoka. Ikizidi ndani, yanaingia. Sasa ugonjwa unafukuza maji ya Joëlle. Lakini kuna mulango mumoja haujafungwa: sukari na chumvi zikifika pamoja, zinapita, na maji yanafuata nyuma yao."

"Nusu kijiko tu?"

"Nusu, ya kusawazisha. Onja: isizidi chumvi ya machozi."

Mama akaondoa kiganja. Yeye ambaye hakuwahi kupima akachukua kijiko, akasawazisha chumvi kwa mugongo wa kisu. Akachanganya, akaonja. Machozi yake mwenyewe yalikuwa yamekwisha kufika mudomoni, basi hakukosa cha kulinganisha.

Tukaanza. Kijiko kimoja, Salamu Maria moja, kijiko kingine. Joëlle akitapika, tulisali makumi mazima ya rozari, kisha tukaanza tena. Hata juu ya pikipiki Mama alishika kikombe kifuani. Kituoni wakamutundikia mutoto seramu, maji ya kupita mushipani, wakatuambia tusiache kikombe. Jua lilipokuwa linashuka, nikasikia kelele za Mama.

"Amekojoa! Florentine, amekojoa! Bwana asifiwe, amenikojolea kitenge kizima!"

Wagonjwa kwenye vitanda walicheka, na hata Papa Wilfried aligeuka akapangusa uso.

Tangu siku ile kijiko kile alikifunga kwa uzi pamoja na rozari yake. Muntu akiugua mutaani, Mama Pascasie alikuwa wa kwanza kufika. Akina mama wakitaka kuchota chumvi kwa mukono, aliwapiga vidole. "Mukono ni wa samaki," alisema. "Kijiko ni cha muntu."

Ni mwaka wa tatu sasa amelala Zongwe, alikotaka. Rozari tulimuzika nayo. Kijiko Joëlle alikataa kizikwe. Alikifungua mwenyewe kwenye uzi, akakitundika karibu na kopo la chumvi, na hakuna anayekigusa kwa kazi nyingine. Ana miaka kumi na minne, murefu kunipita. Jana aliinama juu ya beseni langu la makayabu, akabonyeza samaki kwa kidole, kama alivyokuwa anafanya nyanya yake.

"Mama," akaniambia, "imekwisha kunywa."