Shemeji Alivyonifundisha Kukosea

Yaya wangu, dada aliyenitangulia kuzaliwa, aliolewa upande wa Burundi na mwanaume aliyefanya kazi kwenye kiwanja cha gofu. Kwetu Kilibula hakuna aliyejua gofu ni nini. Mama aliwaambia majirani kwamba mkwe wake anatunza bustani ya matajiri, na hakuwa mbali na ukweli, maana shemeji alianza kwa kukata nyasi. Jioni, wachezaji wakishaondoka, alijifunza kupiga mwenyewe, na baada ya miaka michache wakampa kazi ya kuwafundisha wanaoanza.

Mimi ni mwalimu wa michezo katika shule moja ya sekondari hapa Uvira. Nimecheza mpira wa miguu tangu utoto mpaka goti liliponikataza. Shemeji aliponiona nakaa tu Jumamosi, nikiangalia wengine wakicheza, aliniambia nivuke mpaka nimtembelee kazini. Akanipa fimbo ya chuma namba saba, akaweka mpira kwenye nyasi, akasema nipige kama ninavyotaka. Nilipiga bila kufikiri. Mpira uliondoka na mlio mkavu, ukapanda, ukaanguka mbali na mahali nilipokuwa natazama. Shemeji alicheka kwa furaha, akanikumbatia. Naamini mpaka leo kwamba furaha ile ilikuwa ya kweli.

Basi nikawa navuka kila Jumamosi nilipopata nafasi, nalala kwao, narudi Jumapili baada ya misa. Alinipatia seti ya fimbo kuukuu ambazo mgeni mmoja alimwachia alipohama. Watu wa duwane, yaani forodha ya mpakani, walizoea kuniona na mfuko wangu wa fimbo, wakawa wananiuliza kama naenda kuvua samaki. Nilipenda fimbo za chuma kuliko zote, kwa sababu hazidanganyi. Ukipiga vizuri unajua mkononi kabla macho hayajaona.

Mwaka wa pili, wafanyakazi wa kiwanja waliandaa mashindano madogo, wao na ndugu zao, siku ambayo wachezaji wa kawaida hawakuja. Nilimshinda shemeji. Alinipa mkono mbele ya watu, na jioni mezani alimsimulia yaya jinsi mipira yangu ilivyokuwa ikitua karibu na shimo. Yaya akanitania kwamba sasa mwanafunzi amempita mwalimu. Shemeji akacheka pamoja nasi, akaomba chumvi.

Safari iliyofuata ndipo alipoanza kunirekebisha.

Alisema naupiga mpira fimbo ikishuka mno, kwamba siku moja nitavunja mkono. Akausogeza mpira mbele, karibu na mguu wa kushoto. Akaniambia uzito wangu ubaki mguu wa kulia mpaka mwisho, na viganja vyangu viurushe mpira juu kama mtu anayemwaga maji ya beseni. "Usaidie mpira kupanda, shemeji," alisema. "Chuma haiwezi kuuinua yenyewe." Nilimwamini. Yeye ndiye aliyekuwa mwalimu, tena ndugu. Nilirudi Uvira na kufanya mazoezi hayo nyuma ya shule, wanafunzi wakishaondoka, mpaka mwili ukayakubali.

Mipira yangu ikaanza kufa. Mara chuma kinachimba udongo kabla ya mpira, nao unaruka hatua chache tu na kulala. Mara kinaukwangua kichwani, unakimbia chini chini kama panya. Nilipomlalamikia, aliniongezea rekebisho jingine: nikamate fimbo kwa nguvu zaidi, niinamishe kichwa zaidi. Kila nilivyotii ndivyo nilivyozidi kuharibika. Wafanyakazi na ndugu zao walipochagua ekipe, yaani timu, ya kwenda kucheza nchi jirani, jina langu halikuwemo, na yeye alikuwemo. Alinifariji kwa upole sana. Alisema kuna miili ambayo haikuumbwa kwa fimbo za chuma, si aibu. Mimi, mtu anayelipwa kufundisha watoto wa wenzake kukimbia na kuruka, nililala kitandani kwao nikiuonea haya mwili wangu.

Kisha vita vikasogea na mpaka ukafungwa. Shule zilisimama, nikaenda Bwegera kwa mjomba wangu anayelima mpunga. Nilibeba fimbo namba saba peke yake, nadhani kwa sababu sikutaka kukaa mikono mitupu. Mpunga ulikuwa umekwisha kuvunwa. Mashamba yalikauka, yakabaki na visiki vifupi vya majani na udongo mgumu unaoshika alama ya kila kitu, hata miguu ya kuku.

Udongo ule ndio ulionionyesha. Nilichora mstari chini, nikaweka mpira juu ya mstari, nikapiga. Alama ya chuma ilianza nyuma ya mstari, kiganja kizima nyuma. Nikapiga tena na tena, ikawa vilevile. Nikaegemeza simu kwenye tofali, nikajirekodi kutoka ubavuni, nikaketi ukingoni mwa shamba kutazama. Nilimwona mtu anayeegemea nyuma kama anayeogopa kuangukiwa na kitu. Mguu wa kushoto ulikuwa mwepesi, kisigino hakikukaa chini. Viganja vilikuwa vimejikunja kabla ya kufika kwenye mpira, chuma kikaipita mikono. Kila siku nawaambia wanafunzi wangu kwamba anayerusha jiwe lazima uzito wake uende kule anakolirusha. Yule kwenye simu alikuwa anafanya kinyume.

Nikarudisha mpira katikati ya miguu. Nikajizoeza kuanza kwa mguu wa kushoto, uzito uende kule kwanza, halafu mikono ifuate ikiwa imekitangulia chuma. Nilirekebisha kitu kimoja asubuhi, kingine jioni, sikuvichanganya. Wanawake wa kwa mjomba waliokuwa wakipepeta mpunga waliniuliza nalima nini. Alama ikaanza kusogea. Siku moja ikaanzia mbele ya mstari, mpira ukiwa umekwisha kuondoka, na nikausikia tena ule mlio mkavu.

Nilifurahi sana, na nataka ieleweke kwamba sikuwa na shaka yoyote na mtu. Nilifikiri shemeji naye alikuwa hajui. Nilipanga kumwonyesha, ili asije akawapoteza wengine bila kukusudia.

Mpaka ulipofunguliwa nilivuka siku za mwanzo kabisa. Nilifika kiwanjani, nikaambiwa anafundisha upande wa mazoezi. Nikapita nyuma ya ua wa michongoma. Alikuwa na wanawake wawili wanaoanza, mgongo wake ukinielekea. Nikasimama nisimkatize.

Mmoja wao alikuwa akiegemea nyuma kama mimi kwenye simu. Shemeji alimgusa bega na fimbo. "Hapana, mama," alisema. "Usiusaidie mpira. Uzito uende kushoto, mikono itangulie. Mpira kwanza, udongo baadaye. Ukijaribu kuuinua, utaharibu kila kitu."

Yaleyale niliyoyagundua mwenyewe shambani. Aliyasema haraka, kwa wepesi wa mtu aliyekwisha kuyasema mara nyingi. Nilishika tawi la ua, miiba ikanichoma, sikuitoa mikono. Niliyapitia makosa yangu moja moja, na kila kosa lilikuwa na siku yake na sauti yake: mpira mbele, siku ile ya upepo; mguu wa kulia, siku ile tuliyokula ndagala baridi, dagaa wa ziwa letu, pale chini ya paa la stoo; viganja, siku aliyovishika kwa mikono yake mwenyewe na kuvikunja.

Nilimsubiri mpaka wale wanawake wakaondoka. Aliponiona alinyoosha mikono anikumbatie. Nikamwambia nimesikia. Hakuuliza nimesikia nini. Alianza kuzisafisha fimbo kwa kitambaa, moja baada ya nyingine, wakati hazikuwa na uchafu.

Nikamuuliza kwa nini.

"Weye uko mwalimu," alisema. "Uko na shule, uko na nyumba, Uvira yote inakusalimia. Minye ni hapa tu ndipo niko muntu. Ukaja, kwa muda kidogo, ukanipita mbele ya watu wangu."

"Ungeniambia niache kuja."

"Ningekuambiaje? Uko ndugu ya bibi yangu niliyemuoa."

Nilielewa alichosema, na kuelewa hakukunipunguzia chochote. Mtu anayekupiga ngumi unajua pa kumshika. Huyu alinirekebisha kwa mikono ya upole, akanitazama nikianguka, halafu akanifariji.

Nilienda kwa yaya, kwa sababu nilihitaji mtu wa kukasirika pamoja nami. Alikuwa akichambua maharage barazani. Nilimsimulia yote. Aliendelea kuchambua, na nilipomaliza hakuinua macho.

"Aliniambia," alisema. "Zamani."

"Ukanyamaza?"

"Ni mchezo tu, mdogo wangu. Nilifikiri utachoka, utaacha. Na mume wangu, ulipoanza kukosea, alikuwa amerudi kucheka ndani ya nyumba."

Hilo ndilo lililonivunja. Shemeji nilimpata ukubwani, lakini yaya alinibeba mgongoni. Nilikumbuka Jumapili zote alizonipa chai na kuniuliza mchezo ulikwendaje, nami nikimweleza kwa aibu, naye akinisikiliza huku anajua. Sikulala kwao siku hiyo. Nilivuka kabla mpaka haujafungwa jioni, nikalia ndani ya teksi, dereva akaongeza sauti ya redio ili nisione haya.

Muda umepita. Nimewasamehe kwa namna ya watu wa familia moja, yaani tunakutana kwenye komunyo ya watoto na kwenye misiba, tunakula sahani moja. Yaya alikuja Kilibula akaniomba msamaha akiwa amepiga magoti mbele ya mama, ambaye hakuelewa vizuri kosa lilikuwa nini. Shemeji hakuwahi kuomba. Aliwahi kunitumia ujumbe kwamba kuna mashindano mengine na angependa nije. Sikwenda.

Bado napiga. Kuna kipande cha majani mafupi Makobola, kati ya barabara na maji, ambapo ng'ombe wamekula mpaka chini, nami huenda pale na fimbo zangu za chuma pale hali ya njia inaporuhusu. Napiga vizuri kuliko nilivyowahi kupiga. Hakuna wa kushindana naye, na wavuvi wanaotengeneza nyavu zao hawajali mpira umetua wapi.

Kilichobaki ni kitu kidogo ambacho sijaweza kukitoa. Ziwa likijaa, njia ya Gatumba, ile ya kwenda kwao Burundi, huingiwa na maji, na shemeji, anayeishi upande ule, hunipigia kuniarifu hali ilivyo kabla sijasafiri. Juzi alinipigia akasema njia iko kavu kabisa, nije tu. Nilimshukuru kwa adabu. Halafu nikampigia mtu mwingine.