Kaseti Yenye Jina la Nicodemus Ogwel

Siku ya kwanza nilipomwona Nicodemus Ogwel alikuwa amekumbatia redio kaseti iliyofungwa kwa taulo. Aliiweka juu ya meza yangu polepole, kama mtu anayelaza mtoto mgonjwa. Ilikuwa mwezi wa nane mwaka 1993, mjini Migori, kwenye baraza ya duka la Mahmud ambako nilikuwa natengeneza redio. Sikumjua. Niliona mzee mrefu mwenye koti la suti na ndara miguuni, kucha za mkono wake wa kulia ndefu kuliko za kushoto.

"Fundi," alisema, "hii imepoteza sauti. Naongeza mpaka mwisho na bado inanong'ona tu."

Nikatia kaseti, nikaongeza sauti. Mahmud alitoka dukani ameziba masikio. Akina mama waliokuwa wakiuza dagaa wa omena ng'ambo ya barabara waligeuka wote kutazama. Mzee alisogeza sikio la kushoto karibu na spika, akatikisa kichwa.

"Unaona? Inanong'ona."

Nilijua palepale kwamba redio ni nzima. Lakini mimi si mtu wa maneno. Tangu shule, ambako niliishia darasa la saba, nikitakiwa kusema jambo gumu mbele ya mtu huangalia chini. Nilimwambia aiache. Nilikaa nayo siku mbili, nikaipangusa vumbi, nikamrudishia. Baada ya wiki akaileta tena, nami nikaipangusa tena. Alipokuja mara ya tatu, Mahmud alichoka.

"Mzee, huyu Mkuria anaona haya kukuambia. Redio haina ugonjwa. Ni sikio lako limekufa, wallahi."

Nilitamani kuingia chini ya meza. Nicodemus alimtazama Mahmud, akanitazama mimi, kisha akacheka mpaka pengo lake la meno ya chini likaonekana lote.

"Omera, ndugu yangu, si ungesema! Nimebeba hili sanduku kutoka Oruba mara tatu nikifikiri nalipeleka hospitali."

Siku hiyo alikaa kwenye benchi langu mpaka saa kumi, na tangu hapo akawa anakuja karibu kila siku. Tulizungumza Kiswahili, kwa kuwa yeye alikuwa Mjaluo wa Rangwe na mimi Mkuria. Kijaluo nilikijua cha sokoni tu. Nilimwita jaduong', jinsi Wajaluo wanavyomwita mzee wa heshima.

Sikio lake la kulia liliuawa na ngoma. Kwa miaka ishirini na minne alisimama upande wa kushoto wa mpiga ngoma katika bendi ya Kuja Valley Jazz. Huku kwetu kila bendi ya magitaa ilijiita Jazz, hata iwe na magitaa mawili na chupa ya soda. Yeye ndiye aliyetunga nyimbo nyingi za bendi hiyo. Hata mimi nilikuwa nimezisikia harusini na baani bila kujua ni za nani. Kwenye santuri liliandikwa jina la kiongozi wa bendi, na baadaye, kaseti zilipokuja, likaandikwa jina lilelile.

"Nilikuwa natunga nikiwa nafunga nyavu kule Sindo, ziwani," aliniambia. "Yeye alikuwa anakuja na gari, anachukua wimbo kama mtu anayechukua samaki."

"Na wewe ulisema nini?"

"Nilipanda gari pia. Kijana akiitwa kwenye gari anapanda."

Mwaka 1995 aliachana na bendi. Hakugombana na mtu. Alisema tu kwamba anataka kaseti moja kabla hajafa, yenye jina lake juu yake, yeye na gitaa lake bila mtu mwingine, nyimbo za kusikilizwa na mtu aliyekaa. Alizifanyia mazoezi mwaka mzima chumbani kwake. Mwezi wa sita mwaka 1996 alikwenda Kisumu, akaingia kwenye chumba cha kurekodi asubuhi, na kufikia jioni akawa ametoka. Mwenye mashine za kunakili kaseti alimpa mpaka Jumatatu ya mwisho ya mwezi wa saba kupeleka kanda aliyoridhika nayo. Akichelewa, zamu yake ingechukuliwa na kwaya, na yeye angesubiri mpaka mwaka mwingine.

Aliniletea kanda hiyo Jumanne ya pili ya mwezi wa saba.

"Nataka uisikilize wewe," alisema. "Mimi nasikia nusu. Mjaluo mwenzangu atasikia maneno, atacheka, atasema ni nzuri. Wewe ni Mkuria. Maneno hayatakudanganya. Halafu uniambie ukweli, si kama ile habari ya redio."

Nilitia kanda kwenye mashine yangu bora. Yeye alikaa, akaweka kiganja juu ya spika ili asikie kwa mkono.

Gitaa lilianza peke yake, na kwa muda nilifikiri ni magitaa mawili. Kidole gumba kilikuwa kinatembea chini kwenye nyuzi nene, huku vidole vingine vikizungumza juu, haraka, kama watu wanaobishana bei. Ngoma ilikuwa ni mguu wake kwenye ubao. Sauti yake ilikuwa ya mzee, imekwaruza, lakini haikujificha. Wimbo wa kwanza, alivyonieleza baadaye, ulihusu mjane wa Sindo aliyekataa kurithiwa na shemeji yake. Wa tatu ulihusu meno yake sita ya chini, yaliyong'olewa alipokuwa kijana kwa mila ya zamani. Ndani ya wimbo anayatafuta, anauliza kila jino limeolewa wapi. Huo niliuelewa, nikacheka peke yangu.

Lakini kulikuwa na jambo. Katikati ya kila wimbo gitaa lilishuka. Zilibaki nyuzi mbili tu zikigongwa polepole, ting, ting, bila sauti ya mtu, kwa nusu dakika, mara nyingine hata dakika nzima. Kisha wimbo ukarudi. Baada ya ubeti mmoja, tena ting, ting.

Nilidhani ni hedi ya mashine, kile kichwa kinachosoma kanda, imechafuka. Nikasimamisha, nikaipangusa kwa pamba na spiriti. Nikaangalia mkanda wa mota, haukuwa umelegea. Nikahamishia kanda kwenye mashine nyingine. Mahali palepale, ting, ting.

Ndipo nilipoelewa. Katika dansi za Wajaluo kuna kitu wanaita pakruok. Bendi ikiwa inapiga, mtu anainua mkono, anatoa chochote, na muziki unashushwa ili ajisifu. Anasema yeye ni mtoto wa nani, ng'ombe wake ana pembe za namna gani, shemeji zake wanaishi wapi. Akimaliza, bendi inapanda tena. Nicodemus aliwashushia watu muziki kwa miaka ishirini na minne. Pale Kisumu, akiwa peke yake ndani ya chumba kilichofungwa, vidole vyake vilishusha vyenyewe mahali pale pale vilipozoea. Alikuwa anawangojea watu wajisifu, na watu hawakuwepo.

Upande wa pili ukaisha. Akaondoa mkono kwenye spika.

"Haya."

Niliangalia bisibisi yangu. Nilitaka kusema ni nzuri, na isingekuwa uongo. Lakini niliona angeipeleka Kisumu vile ilivyo, na watu wangeinunua, wangefika kwenye ule ukimya, wangefikiri betri zimeisha. Na jina juu ya kaseti lingekuwa lake.

"Jaduong', kuna mahali unangoja."

"Nangoja nini?"

"Watu. Unawashushia muziki wajisifu. Hawapo."

"Wapi?"

Nikamrudishia kanda nyuma, nikamwekea mkono wake kwenye spika, nikahesabu kwa vidole mbele ya uso wake wakati zile nyuzi mbili zikigonga. Nilifika arobaini na tatu. Nikampeleka kwenye wimbo mwingine. Thelathini na nane.

Aliuvuta mkono wake kutoka kwenye spika. Kisha alikasirika.

"Ndivyo muziki wetu wa benga ulivyo! Wewe unajua nini? Huko kwenu mnapiga muziki gani, wa kuruka na kengele miguuni? Mbona unapima nyimbo zangu kama mahindi?"

Mahmud alichungulia. "Mzee, leo umeuliza ukweli, usiurudishe dukani."

"Wewe uza sukari!"

Alichomoa kanda yake akaondoka. Nilikaa siku kumi na moja bila kumwona, na kila siku nilijuta kufungua mdomo.

Siku ya kumi na mbili alikuja na mke wake, Roseline, mama mfupi aliyevaa kitambaa cha kanisa. Nicodemus alikaa kwenye benchi bila salamu. Roseline ndiye aliyezungumza.

"Fundi, amenikalisha chini nisikilize kanda yote. Aliponiuliza kama kuna mahali anangoja, nikamwambia ni pengi. Mimi nilidhani anapumua."

"Na mbona hukuniambia mwanzoni?" Nicodemus aliuliza, akitazama barabara.

"Mimi mke wako. Ningeanzia wapi? Miaka yote hii nakusikia ukipumua."

Nilijikuta nacheka, naye Nicodemus akacheka kidogo. Kisha akaniambia kwamba hawezi kurudi kurekodi, chumba cha Kisumu kimejaa mpaka Krismasi. Akauliza kama ninaweza kuzitoa zile sehemu. Zilikuwa zimebaki siku tisa.

Nilimwambia tunaweza kujaribu. Kukata kanda kwa wembe sikuthubutu, kwa sababu ukikata upande mmoja umekata na wa pili. Tulitumia mashine mbili. Moja ilipiga, nyingine ilirekodi. Tukifika kwenye ukimya nilibonyeza kitufe cha kusimamisha kwenye ile inayorekodi, na wimbo ukikaribia kurudi nilikiachia. Ugumu ulikuwa kwamba kitufe kiliacha mlio, tak. Nikikiachia vibaya, mlio ulisikika kama mtu amekanyaga kijiti. Ilibidi tak iangukie hasa pale mguu wa Nicodemus unapogonga ubao, ili uumeze.

Mimi sikujua mguu utaanguka lini. Yeye alijua, ingawa hakuusikia. Alifumba macho, mkono mmoja kwenye spika, na kidole cha mkono mwingine hewani. Alipokishusha, niliachia. Tulikosea mara nyingi, na kila tulipokosea tulianza wimbo mzima upya. Tulifanya hivyo siku nne, asubuhi mpaka mchana, kabla soko halijawa na kelele. Mahmud alizima redio yake ya dukani bila kuombwa. Wateja walipouliza aliwajibu, "Nyamazeni, hapo nje wanafanya upasuaji."

Katika wimbo wa meno tulifika kwenye ukimya, nami nikaweka kidole tayari. Nicodemus akanishika mkono.

"Huo uache."

"Lakini, jaduong', ni kama mingine. Hata ni mrefu."

"Si kama mingine. Hapo sikungoja mtu. Hapo nilisahau maneno."

"Basi tuutoe."

"Uache. Ukisikiliza vizuri utasikia nikiyatafuta. Wimbo wenyewe ni wa kutafuta."

Tukauacha. Tulipomaliza nikapima. Kanda iliyokuwa na dakika hamsini na nane ilibaki na thelathini na tisa. Aliishika kana kwamba anapima kama imekuwa nyepesi.

"Umenipunguza, Maroa," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kuniita kwa jina.

"Wewe wote umo, jaduong'. Kilichotoka ni kule kungoja."

Akaitia kanda kwenye mfuko wa koti. Alipanda gari la Kisumu siku ya Jumapili, na Jumatatu kanda ikapokelewa.

Kaseti zilitoka mwezi wa kumi. Aliniletea moja. Juu yake palikuwa na picha ya uso wake, mdomo umefungwa, na jina lake lote kwa herufi nyekundu, Nicodemus Ogwel, bila jina la bendi wala la mtu mwingine. Mahmud alilisoma kwa sauti mara mbili akauliza kwa nini hakucheka kwenye picha. Niliisikiliza siku hiyo nikiwa peke yangu, nimekaa, nimeacha kazi. Nilitega sikio nikitafuta tak zetu. Nilizipata tatu tu, na sidhani mtu mwingine angezipata.

Haikuuzwa sana. Vijana walitaka ngoma na besi. Redioni ilipigwa mara chache. Mwaka uliofuata alirudi nyumbani Rangwe na Roseline, na sikio la kushoto nalo likawa linakwenda.

Mara ya mwisho kuonana naye ilikuwa Homa Bay, mwezi wa kumi na moja mwaka 1997, mwaka wa ile mvua kubwa. Nilikuwa nimeenda kutafuta vipuri, yeye alikuwa amekuja kliniki. Tulikutana karibu na soko, matope kila mahali. Sikujua kwamba angefariki mwezi wa pili wa mwaka uliofuata, na kwamba habari ingenifikia huko Sori, kando ya ziwa, nikiwa natengeneza redio za wavuvi, mazishi yakiwa yamekwisha.

Tulisimama kwenye baraza mkabala na kibanda cha kuuza kaseti. Mwenye kibanda alikuwa anaweka kaseti hii na ile. Mara nikalisikia lile gitaa, kidole gumba chini, vingine vikibishana juu. Nicodemus alikuwa anatazama mvua. Hakusikia kitu.

Nikamgusa bega, nikasema kwa nguvu karibu na sikio lake, "Jaduong', wanapiga yako!"

"Wimbo gani?"

"Wa meno!"

Akageuka kutazama kibanda. Hakuonyesha furaha wala huzuni. Alitazama tu kama mtu anayetazama nyumba aliyoijenga.

"Wamefika pale niliposahau?"

"Bado. Sasa ndiyo wanafika."

"Kuna watu wamesimama wakisikiliza?"

Niliangalia. Chini ya mabati ya kibanda walikuwapo mama mwenye karai la samaki na mwanamume mmoja mwenye baiskeli. Mvua ilikuwa imepungua na njia ilikuwa wazi, lakini hawakuondoka. Gitaa lilikuwa limeshuka, zile nyuzi mbili zinagonga, na yule mwanamume alikuwa ameinamisha kichwa.

"Wawili!" nikamwambia. Nikaendelea kuwatazama nione watafanya nini.

Nicodemus akanishika mkono, akanigeuza.

"Basi usiwakodolee macho, omera. Wataona haya waondoke kabla wimbo haujaisha."