Babu Aliyeliliwa Akiwa Hai

Wakati wa vita vya Kagera, habari ilitufikia Nyakisasa kwamba kaka yangu amekufa. Aliileta mwanamgambo wa kijiji jirani aliyerudishwa kwa ugonjwa. Maiti hakuiona. Alisikia tu kambini kwamba kikosi cha kaka kilishambuliwa na hakubaki mtu.

Mama alianguka pale pale uani. Majirani wakaanza kujaa, wanawake wakilia tangu njiani. Baba akatoka ndani, akasimama mlangoni.

"Rudini makwenu," akasema. "Hapa hakuna msiba."

Mzee mmoja wa ukoo akamsihi aache watu wamlilie mtoto.

"Maiti mmeiona?" baba akauliza.

"Hatukuiona."

"Basi hatumlilii."

Wakaondoka mmoja mmoja, wengine wakisonya. Tulikuwa tumechoka hata kabla ya siku ile. Tulikuwa tumehamishwa kutoka mlimani kuingia kijiji cha ujamaa, migomba mipya ilikuwa haijazaa vizuri, sabuni na mafuta ya taa vilikuwa vya kusikia tu. Sasa mama akawa analia kwa kujificha kwenye shamba la pamoja, kainama na jembe kama mtu anayepalia. Mimi nikamchukia baba.

"Kwa nini yuko hivi?" nikamwuliza mama.

"Ni mambo ya babu yako," akasema, asiongeze neno.

Babu alikufa nikiwa mdogo sana. Nikaanza kuwauliza wazee wa ukoo habari zake, nyumba kwa nyumba. Wote walinijibu maneno yale yale: alikwenda Uganda kuchuma kahawa, akarudi, akaishi vizuri. Yalifanana mno, kama maneno yaliyokubaliwa. Aliyebaki wa kuulizwa alikuwa shangazi, dada mkubwa wa baba, aliyeolewa Nyamigogo. Nilikaa kutwa njia panda ya Nyakanazi nikingoja gari, maana malori mengi yalikuwa yamechukuliwa kwenda vitani. Mwishowe lori la pamba likanibeba.

Nilimkuta shangazi akipukuchua maharage. Nikamwamkia, nikakaa, nikasaidia. Nilipomtajia kahawa ya Uganda, akacheka bila furaha.

"Kahawa alichuma kidogo tu. Waingereza wakamchukua jeshini hukohuko. Babu yako alipigana Burma, kwenye vita vya pili vya dunia."

Nilidhani sikusikia vizuri. Akaendelea bila kunitazama.

"Mtu mmoja alirudi kutoka Uganda akasema amekufa huko vitani. Tukamlilia. Mimi mwenyewe nilinyolewa nywele. Baadaye mdogo wake akamrithi mama, yaani bibi yako, ndiyo ilikuwa desturi. Akazaliwa baba yako."

"Halafu?"

"Halafu babu yako akarudi. Mchana, kavaa koti la jeshi, kakonda kama ukuni. Mama alikuwa anamenya ndizi, na baba yako mgongoni. Babu akauliza, 'Mtoto wa nani huyu?' Mdogo wake alikuwa ameshatoroka kwa nyuma ya nyumba. Alivuka mto Ruvubu akaingia Burundi, na hatukumwona tena."

"Babu alifanyaje?"

"Aliomba maji, akanywa. Kisha akamwambia mama ampe mtoto, akampakata mpaka jua likapungua makali. Kesho yake akawaita wazee. Akawaambia, 'Mimi nilikuwa Uganda nachuma kahawa. Vitani sikwenda, na huyu ni mwanangu.' Unaelewa? Mchuma kahawa huja nyumbani, akaacha mimba, akarudi tena kazini. Askari wa Burma haji. Wazee wakaelewa, wakakubali. Lile koti alilichoma."

"Baba anajua?"

"Mama alimwambia kabla hajafa."

Nilirudi Nyakisasa miguu imevimba. Baba alikuwa akitia mpini kwenye jembe. Nikakaa karibu naye.

"Nimetoka kwa shangazi."

Mikono yake ikasimama. "Amekuambia?"

"Ameniambia."

Aliliweka jembe chini, akasema, "Kilio kile kilimpotezea babu yako ndugu yake wa tumbo moja. Na mimi, kilio kile ndicho kilichonizaa. Sijui nikishukuru au nikilaani. Lakini kukirudia siwezi."

Chuki yangu iliisha hapo. Nafuu sikuipata, nilibaki mchovu tu, na tangu hapo tukawa wawili wa kungoja.

Vita viliisha. Wenzake kaka waliorudi walirudi, wengine wakapokelewa kwa ngoma. Siku moja akaja kijana mgeni mwenye mkono mmoja, akauliza nyumba yetu. Alimwamkia baba shikamoo, akaketi, akasema kwamba yeye na wenzake walimzika kaka yangu kwa mikono yao, chini ya mgomba, na kwamba alimwona uso.

"Ulimwona uso?" baba akarudia.

"Nilimwona, mzee. Mimi ndiye niliyemfumba macho."

Baba akaitikia kwa kichwa polepole. Akaenda jikoni, akamwambia mama kwamba sasa wanaweza kulia. Yeye mwenyewe alikuwa ameshaanza, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Mama alimtazama tu. Akasema yake alishayalia shambani, sasa amechoka, akaingia ndani kulala. Mimi nikabaki na mgeni uani, nikamwuliza kama amekula.