Mzee Risasi

Miaka ile kila kitu kilikuwa vita. Kulima kulikuwa vita, kuchimba choo kulikuwa vita, kuchemsha maji ya kunywa kulikuwa vita. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi hapa Tabora. Asubuhi nilifundisha watoto, jioni nikafundisha wazazi wao, na usiku nilijitupa kitandani nikiwa nimeshapigana siku nzima bila kumwona adui hata mmoja. Nilichoka. Ninalisema leo kwa sababu wakati ule ukiulizwa hali ulitakiwa kujibu kwamba mapambano yanaendelea.

Darasa la watu wazima lilikuwa mtaa wa Chemchem, katika chumba cha darasa la pili. Wazee walikalia madawati ya watoto, magoti yakiwagota videvuni. Nikiingia niliwapa shikamoo zao, wakaitikia marahaba kwa raha zao, halafu ndipo nikaanza kuwafokea kwa ajili ya herufi walizozipindua. Baba yangu mzazi alikuwa mmoja wao. Alikaa nyuma kabisa na kuniita mwalimu, na tukifika nyumbani aliniuliza kama mwalimu ameshamwekea maji ya kuoga.

Baba alikuwa mshona kofia. Alisoma chuo cha Kurani utotoni, na Kiswahili alikuwa akikiandika kwa herufi za Kiarabu, mwandiko wa kupendeza, kwa kalamu ya mwanzi na wino aliouchanganya mwenyewe. Nusu ya watu wa mtaani kwetu walimletea salamu zao awaandikie. Lakini walipopita watu wa kampeni ya kisomo wakamwonyesha herufi zetu hizi za shuleni, akasema hizi hazijui, naye akaingizwa katika hesabu ya wajinga. Hakubisha. Mimi ndiye niliyenuna wiki nzima.

Alikuwa pia na risasi mwilini. Ilikaa nyuma ya bega la kushoto, chini ya ngozi, na ukibonyeza uliihisi ikiteleza kidogo. Aliipata Bama, alikopelekwa na Mwingereza kupigana na Mjapani, na madaktari wa jeshi waliiacha hapohapo kwa kuhofia kumharibia mkono. Tulipomwuliza ilikuwaje, alisema alikuwa anachota maji. Hakuna zaidi. Hakuwa amemwambia mtu nje ya nyumba yetu, maana aliwahi kuona wenzake waliorudi na makovu wakizungukwa na watu barazani, wanataka kujua wameua wangapi. Mwezi wa saba, baridi ikishika, mama alimkanda kwa kitambaa cha moto, naye akageuzia uso ukutani mpaka amalize.

Neno risasi lenyewe lilikuwa la kawaida kwetu. Watoto wa upande wa ile njia kuu ya zamani ya misafara, mvua kubwa ikiosha ardhi, tuliokota vidonge vya risasi vya magobore ya wapagazi na mabwana zao, tukavichezea gololi. Siku ya kwanza darasani niliinua penseli nikawaambia wazee kwamba hii inaitwa kalamu ya risasi. Wakacheka. Baba naye alicheka, akasema ya kushika mkononi ni nafuu. Mimi peke yangu ndiye niliyemwelewa.

Basi ikakaribia sikukuu ya wakulima, na katibu wa tawi la chama akatuletea ngonjera. Alikuwa bwana mwenye sauti kubwa na mkoba mweusi, si mtu mbaya, ila alipenda maneno yanayolipuka. Ngonjera aliitunga mwenyewe. Wazee wangu walitakiwa kuighani mbele ya wageni, na mstari wa mwisho wa kila ubeti ulikuwa huu: adui wetu mjinga, tumpigeni risasi.

Nilimwambia, kwa adabu, kwamba nadhani alikusudia ujinga. Nikamwonyesha kwamba mizani haiharibiki hata akibadilisha. Akaniuliza, ukimwondoa mjinga, ujinga utakaa wapi? Akacheka kwa jibu lake mwenyewe, akaongeza kwamba Usinge kunahitajika walimu, na wanaoonekana kuzorotesha kazi watafikiriwa kwanza. Usinge nilikuwa naijua kwa kusikia tu, huko msituni, na mama yangu alikuwa ameanza kuumwa miguu. Nikaichukua karatasi ya ngonjera.

Wazee wakamchagua baba aongoze, kwa sababu ya sauti. Maulidi yoyote mjini, kasida ilikuwa yake. Jioni ile tulirudi pamoja kwa miguu, yeye mbele, mimi nyuma na furushi la madaftari, na tulipofika penye uwazi akasimama.

"Huyo mjinga wa kupigwa risasi," akaniuliza, "si ndiye sisi?"

Nilihamishia furushi mkono wa pili. Akauliza ni kitu gani kitatokea akikataa kulisema. Ningeweza kumficha, lakini baba yangu hafichwi kitu, hivyo nikamweleza habari ya Usinge. Aliinamisha kichwa, akaendelea kutembea. Usiku ule, mama alipomkanda bega, alimwomba apunguze moto wa kitambaa.

Siku yenyewe ilikuwa ya baridi na vumbi. Wageni walikaa chini ya turubai, watoto wa shule walikaa chini, na wazee wangu wakasimama mstari mmoja, kanzu na mashati yamepigwa pasi. Mimi nilisimama pembeni, namwomba Mungu ili baba apaliwe, akohoe, asahau, lolote. Hakusahau. Aliufikia ule mstari akautoa kwa sauti ileile ya maulidi, safi, ndefu, akiivuta risasi mwishoni mpaka watoto wakashangilia. Ubeti wa pili wakaudaka wenyewe, wakapiga kelele pamoja naye. Katibu alipiga makofi akiwa amesimama. Baba aliangalia mbele tu, mkono wa kushoto umening'inia.

Kesho yake asubuhi, mtoto wa jirani akipita na ndoo alimwamkia: shikamoo, Mzee Risasi. Baba alikuwa anatia uzi kwenye sindano. Sijapata kumwona akisita kuitikia shikamoo ya mtoto isipokuwa siku ile. Kisha akaitikia marahaba, na baada ya wiki mji mzima ulikuwa ukimwita hivyo, sokoni, msikitini, hata kwenye duka la ushirika. Jina alilolificha miaka yote ndani ya ngozi sasa alikuwa akiitwa nalo mchana kweupe, na watu wasiojua wanasema nini. Lilinikera kupita kiasi. Yeye alisema jina ni jina.

Mwaka uliofuata nilihamishiwa Usinge hata hivyo.

Nilikuwa huko vilipokuja vita vya kweli, vya mpakani na Uganda. Redio ilipotangaza, nilijikuta nasubiri ile misemo yetu, halafu nikaona vijana wa mgambo wanapanda magari, na misemo ikanitoka kichwani. Mtoto wa katibu alikwenda. Nilipokuja nyumbani kwa ruhusa ya siku chache nilikuta amerudishwa majeruhi, amelazwa hospitali, na mama yangu, kwa miguu yake mibovu, alikuwa ameshakwenda kumtazama. Huko ndiko alikotoboa siri. Alimwambia mama wa kijana asihangaike sana, kwani yeye amelala na mume mwenye risasi ndani miaka yote hii na wamezaa na kulea.

Siku ya pili yake katibu alikuja kwetu. Hakuwa na mkoba. Baba alikuwa barazani na kofia mapajani, akamkaribisha mkekani, nami nikaleta kahawa. Wakanywa kikombe cha kwanza. Kisha katibu akasema madaktari wamekataa kuitoa ya mwanawe, iko karibu na uti wa mgongo, na amesikia kwamba mzee naye anayo.

Baba aliweka kofia chini. Alifungua vifungo vya shati, akalitelemsha begani, akauchukua mkono wa katibu akauweka pale. Nilimwona yule bwana akishtuka ilipoteleza chini ya vidole vyake.

"Inauma, mzee?"

"Haiumi sana, mwanangu. Inachosha."

Katibu hakuondoa mkono.

"Mbona siku ile ya sikukuu hukuniambia?"

Baba alimjibu taratibu, bila hasira, kama mtu anayemkumbusha mwenzake jambo alilosahau.

"Siku ile ulikuwa umeshaniandikia la kusema."

Watoto walikuwa wanatoka shule. Kundi lao likapita mbele ya baraza letu, mabegi ya madaftari yakiwalemea, na mmoja akaita kwa sauti kubwa kama walivyozoea.

"Shikamoo, Mzee Risasi!"

"Marahaba," akaitikia baba. Na katibu, mkono wake mmoja ukiwa bado begani pale, akajifunika uso kwa mkono wa pili.