Mkono wa Nne Kwenye Sinia

Sina sababu ya kukudanganya. Mtu akitunga uongo hutunga ule utakaomfaa, na hiki ninachokuambia hakijanifaa kwa lolote. Kimenigombanisha na mawifi zangu, na pale sokoni Matungu ninapouza nguo za mitumba kuna wanawake wanaonyamaza nikipita. Lakini kilitokea. Kilitokea nyumbani kwangu, juu ya mkeka wangu, na ule mkono niliugusa kwa vidole hivi unavyoviona.

Tulikuwa tumetoka likizo. Cheka tu, hata mimi ningecheka. Kwetu mtu akisema likizo anamaanisha kwenda kumsaidia shangazi kuvuna mahindi. Lakini mume wangu, Shabani, ni fundi wa matrekta, na alikuwa amemtengenezea mkulima mmoja wa Kitale gari lililowashinda mafundi wengine. Yule mzee alifurahi akamwazima karavani yake, kijumba chenye magurudumu kinachofungwa nyuma ya pikapu, ndani kuna vitanda, jiko na meza ya kukunja. "Ipeleke familia yako ikaone dunia," alimwambia. Basi tukaenda Naivasha, kando ya ziwa: Shabani, mimi, binti yetu Zubeda, na mama mkwe wangu ambaye sote nyumbani tunamwita Kukhu, yaani nyanya.

Huko ziwani Shabani alikuwa mfalme. Huyu mtu ambaye nyumbani nikimwomba kitunguu cha pili huniuliza cha kwanza kimeenda wapi, huko alinunua samaki wakubwa, nyama ya kuchoma, soda za kila rangi. Aliyepita karibu na karavani yetu aliitwa aje kula. Nilikuwa natazama tu. Niseme nini mbele ya watu?

Kulikuwa na mwanamke mmoja aliyekuwa akija jioni kukaa nasi. Alikuwa peke yake. Sikuona hema lake wala gari lake, na sikuuliza, kwa sababu pale kila mtu alikuwa mgeni. Alivaa dera la kijani, na pindo lake lilikuwa limelowa kila mara, nikadhani anapenda kutembea majini. Tulipomuuliza jina alisema, "Niiteni Dada tu." Alimsuka Zubeda nywele, akamchekesha. Nisingesema alikuwa mbaya. Ila hakula kitu. Shabani alimwekea samaki, akamwekea nyama, na yeye alisukuma sahani pembeni polepole.

"Mimi silangi njiani," alisema jioni ya mwisho. "Nikila, nakula kwa mtu, nyumbani kwake."

Shabani akacheka ile sauti yake ya ziwani. "Basi njoo kwetu Matungu. Utakula mpaka ushibe."

"Mpaka nishibe?"

"Mpaka ushibe, Dada. Wallahi."

Kukhu aliacha kutafuna akamtazama mwanawe. Mimi nilikasirika tu, kwa kuwa nilijua nani angepika. Lakini niambie wewe, hujawahi kumwambia mtu karibu kwetu huku ukijua kabisa hatakuja?

Tulirudi nyumbani mifuko ikiwa imekauka, na shule zinafunguliwa. Mfalme wa ziwani akageuka askari. Sukari ikawa ya chai ya asubuhi peke yake. Mayai ya kuku wetu yakawa ya kuuzwa. Mtungi wa gesi ukafunikwa kitambaa kama maiti, tukarudi kwenye kuni. Na stima, kwa sababu tokeni zilikuwa zinaisha haraka, Shabani akaamua hatutawasha taa wakati wa kula. "Mdomo unajua njia," alisema. Kwa hiyo kila siku baada ya magharibi tulikaa kwenye mkeka gizani, sinia moja katikati ili tusipoteze maji na sabuni kuosha sahani nyingi, tukala kwa kupapasa.

Sikulalamika. Nimezaliwa kwenye nyumba ambayo tulikuwa tunagawana yai. Kubana matumizi ninajua, na najua pia njaa ya kubana matumizi ilivyo. Ile iliyokuja nyumbani kwangu haikuwa hiyo. Niamini.

Nilipika obusuma ya kuwatosha watu wanne, ugali mkubwa wa kumfanya mtu ameze mate, na mrenda au kunde. Tunanawa, tunasema bismillahi, na kabla sijafika tonge la tano vidole vyangu vinagonga bati. Kumekwisha. Nikaongeza unga. Kukaisha vilevile. Kukhu alikuwa analamba vidole na kusema, "Chakula ya hii nyumba siku hizi ni kama kukula upepo." Zubeda alikuwa analala na tumbo linanguruma mpaka namsikia kutoka chumba cha pili. Sketi yake ya shule niliipunguza kwa pini, halafu kwa pini mbili.

Shabani akanigeuzia kibao. "Unga unaenda wapi? Unampelekea mama yako?"

"Na wewe tumbo lako linaenda wapi?" nilimjibu. "Unakula kama mtu mwenye nyumba nyingine ya kulisha."

Kuanzia hapo hatukuzungumza vizuri. Tukawa tunalala tumegeuziana migongo. Nilimchukia, nakwambia ukweli. Nilipomkumbuka akigawa nyama kwa watu asiowajua, halafu nikitazama mifupa ya mabega ya mtoto wangu, nilijivuta mpaka ukingoni mwa kitanda.

Kisha Zubeda akaanguka shuleni, wakiwa wamepanga mstari asubuhi. Tulimpeleka mpaka Kakamega mjini, wakampima kila kitu, hawakuona ugonjwa. "Mlishe mtoto vizuri, mama," daktari aliniambia. Alisema kwa upole, lakini nilitoka pale nimeinamisha kichwa kana kwamba nimekamatwa nikiiba.

Jioni hiyohiyo nilimnywesha Zubeda uji kwa kijiko, nikamlaza chumbani, nikatoka kuwaandalia wengine. Sinia ikawekwa. Tukakaa. Giza lilikuwa limeshaingia, nje miwa inavuma kwa upepo. Nilimega tonge, nikachovya. Nikarudisha mkono, na hapo kwenye ugali vidole vyangu vikakutana na mkono mwingine. Ulikuwa mdogo, baridi, umelowa kama samaki aliyetolewa kwenye beseni.

Unajua nilifikiri nini? Nilifikiri ni Zubeda. Nilifurahi. Nilisema moyoni, ameamka, njaa imemtoa kitandani, atapona. Nikausukumia ule mkono bakuli la mrenda. "Kula, mwanangu," nikamwambia. Nikausikia unachovya.

Halafu Zubeda akakohoa chumbani.

Sikupiga kelele. Nilitafuta simu ndani ya leso, nikawasha tochi. Dada alikuwa amekaa kati ya Kukhu na Shabani, magoti yamekunjwa vizuri kama mgeni mwenye adabu, dera lile la kijani, mkeka umelowa kumzunguka. Hakushtuka na mwanga. Hakuinua hata uso. Alikuwa anakula. Anamega, anameza, anamega, anameza, na koo lake halikuwa na muda wa kupumzika.

Mdomo wangu ukatafuta neno unalolijua. "Asalaam aleikum," nilisema.

"Nilifika zamani," alijibu. "Nilikuja na nyinyi."

Shabani alikuwa amejibanza ukutani. Kukhu ndiye aliyepata sauti, na haikutetemeka.

"Shabani. Huyu ni mgeni wa nani?"

"Mama..."

"Nimeuliza, ni wa nani?"

"Ni wangu," Shabani akasema.

"Basi mwambie aende kwao."

Shabani alijaribu. Akaanza kwa ile lugha ya heshima tunayotumia kuwaaga watu. "Dada, tunashukuru umetutembelea, sasa usiku umeingia..."

"Bado sijashiba," alisema yule mwanamke. "Uliapa." Kisha, kwa mara ya kwanza, aliinua uso. Hakumtazama Shabani. Alitazama mlango wa chumba alicholala mtoto wangu, akautazama kwa upendo, kama alivyomtazama siku alipokuwa akimsuka. Nilisimama mlangoni. Sikumbuki nilivyofika pale.

Kukhu akasema, "Mgeni hatokangi kwa watu peke yake. Wewe mwenye ulimwita, ndio utamsindikiza. Mpaka barabarani. Simama."

Na Shabani akasimama. Mwanamke naye akasimama, akafuta mikono kwenye dera, wakatoka pamoja kama watu wanaoelewana. Kutoka kwetu mpaka barabarani kuna njia nyembamba inayopita katikati ya miwa. Niliwamulika na simu kutoka mlangoni. Miwa ya upande wa Shabani ilikuwa inatikisika akiigusa kwa bega. Ya upande wa pili haikutikisika. Wakapotea kwenye kona. Kukhu alikuwa ameshika tasbihi lakini vidole havikuwa vinasogea.

Shabani hakukaa sana. Adhana ya isha ilikuwa bado haijatoka tulipomsikia anarudi. Miguu yake ilikuwa na tope mpaka magotini, na mvua haikuwa imenyesha wiki nzima. Aliingia, akanyoosha mkono akawasha taa, mwenyewe, ile taa aliyotukataza, akaketi palepale kwenye mkeka, mkavu upande mmoja na umelowa upande mwingine.

"Kuna kitu kimebaki?" aliuliza.

Nilimpa ukoko wa ugali. Akala. Nikamkaangia mayai ya kuuza. Akala. Kukhu akamletea ndizi zake. Akala, maganda yakawa yanaanguka mapajani, na machozi yalikuwa yanamtoka, na hakuacha kutafuna.

Asubuhi Zubeda aliomba uji. Akanywa nusu ya bakuli, akalisukuma mbele, akasema, "Mama, nimeshiba." Nilienda jikoni nikalia nikiwa nimejifunika uso kwa leso. Tangu siku hiyo mtoto amenenepa, mashavu yamerudi, anacheza na kukimbia kama wenzake.

Ila baba yake hajawahi kushiba tena.

Anakula asubuhi, anakula karakana, anakula akirudi. Anakula sufuria nzima na mbavu zake unaweza kuzihesabu ukiwa ng'ambo ya barabara. Amepimwa sukari, amepewa dawa za minyoo, amesomewa dua na masheikh wa Mumias. Ng'ombe wetu ameenda. Neno likizo hatulitaji hata kwa mzaha. Ninauza mitumba mpaka giza linaingia, na kila ninachokipata kinaishia kwenye sufuria ile.

Na watu wanasema mimi ndiye ninayemnyima. Mawifi zangu walikuja siku moja, wamebeba kuku wawili waliopikwa, wakamlisha mbele yangu ili nione aibu. Yule mkubwa akasema, "Tazama ndugu yetu alivyokonda. Mwanamke gani huyu?" Shabani alikuwa anaguguna mfupa. Akauweka chini, jambo ambalo hafanyi, akasema, "Mwache. Si yeye."

Hapo ndipo aliposema kilichotokea kule barabarani, na ndiyo mara moja tu amewahi kukisema. Kwamba walipofika mwisho wa miwa yule mwanamke alisimama akamwambia, "Nitaenda. Lakini njaa yangu nitaiacha kwenye nyumba iliyonialika. Niiache kwa mtoto au kwako?"

"Nikamwambia kwangu," Shabani alisema. "Sikufikiria mara mbili."

Akachukua mfupa wake. Wifi yangu mkubwa alinitazama, akabeba kapu lake, na kutoka mlangoni akasema nimemlisha ndugu yao limbwata mpaka akili imeharibika. Hivyo ndivyo wanavyosema mpaka leo.

Nifanye nini? Nina hasira na huyu mwanamume, na sidhani itaisha. Neno lake moja la kujionyesha mbele ya mgeni lilikaribia kunichukulia mtoto. Lakini ni yeye pia aliyesimama pale gizani akasema, "Kwangu". Nikitaka kumchukia vizuri nakumbuka hilo, na nikitaka kumsamehe natazama pipa la unga.

Sasa wewe unayenisikiliza. Ukitaka kumkaribisha mtu, mkaribishe kwa kipimo: kikombe cha chai, sahani moja, siku ya Jumapili. Usimwambie mtu usiyejua alikotoka kwamba nyumba yako haina mwisho. Na ukimwekea mtu chakula akakikataa kwa upole, akakuuliza kwenu ni wapi, nyamaza. Hata ukionekana mchoyo. Mimi ningependa sana leo tungekuwa tunaitwa wachoyo.

Acha niende. Namsikia anafunua sufuria, na cha jioni sijakiweka motoni.