Glasi ya Mabibo

Miaka ile soda zilipoadimika, baa yetu ya Kibaha ilibaki na pombe kali tupu, na mimi sikubali kumpa mteja kitu kitupu. Nikaleta mabibo, yale matunda ya mkorosho, kutoka shambani kwetu Kisarawe. Niliyakamua, nikatia maji ya mchele uliochemka ili ukakasi uondoke, kama mama alivyonifundisha, kisha nikachanganya na pombe na ndimu.

Mchana mmoja akaja ofisa kutoka Dar. Akanywa, akafumba macho.

"Dada, kitu cha Ulaya mmekipata wapi, na hata sabuni hakuna?"

Nikamwekea bibo mbele yake, korosho ikining'inia.

"Kisarawe, kwetu."

Akaomba ya pili. Nikamwambia apange foleni kama wenzake.