Nilivyoingia Ngomeni Kinyumenyume

Aibu hii nimeibeba miaka miwili na nimechoka nayo, kwa hiyo nawaeleza kwa utaratibu, mcheke, yaishe.

Kiwanda chetu kilipouzwa kwa mtu binafsi na sisi tukapunguzwa kazi, nilijifunza mwenyewe historia ya ngome ya mawe iliyo juu ya Buswelu, kule watu walikojificha na ng'ombe wao zamani za vita, nikajaza madaftari matatu (kurasa zote zina namba), maana mama mmoja wa Igogo alikuwa anafungua kampuni ya kutembeza watalii na alihitaji mtu mmoja tu wa kuwaelezea. Mengi nilipewa na Babu Masanja, mjomba wa marehemu mama yangu, anayeishi chini ya ngome.

Siku ya majaribio nikampandisha yule mama na wageni wake wanne, Babu akafuata na fimbo yake. Ningeeleza kwa mdomo tu yasingenikuta, lakini tulipofika kwenye ufa wa kuingilia, mwembamba kati ya majabali mawili, nikaamua kuwaonyesha.

"Mashujaa wa mtemi waliingia kinyumenyume," nikasema (daftari la pili, ukurasa wa kumi na nne), "huku wakiliamkia jabali, la sivyo lingewabana."

Nikarudi nyuma, shikamoo, shikamoo, na begi la madaftari mgongoni, na hatua ya nne jabali likanibana kweli, begi likakwama, tumbo likakwama, mbele siendi nyuma siendi, na wageni wanapiga picha.

Babu akachungulia. "Marahaba, mjukuu wangu."

"Babu, nivute!"

"Sasa nani kakuambia uingie hivyo?"

"Wewe!"

"Mimi?" Akacheka mpaka akakaa chini. "Mimi babu yako, nisipokutania wewe nimtanie nani? Siku ile nilingoja ucheke, ukatoa kalamu. Nikaona aibu kukukatiza."

Msukuma mzima, nimekua nikitaniwa na babu zangu wote, nikasahau kwa sababu tu nilishika kalamu. Walikata mikanda ya begi ndipo nikatoka.

Kazi akapewa Babu.

Siku hizi siandiki neno la mzee kabla sijamuuliza, "Hapo unatania?" Babu naye huwaonyesha watalii ule ufa, akawasimulia habari za mtu aliyebanwa na jabali kwa kuliamkia bila heshima. Nimeichunguza habari hiyo. Kati ya zote za ngome ile, ndiyo pekee yenye mashahidi.